Barua Yangu kwenye Kibanio cha Nguo

Levolosi, Arusha
Jumamosi, 9 Agosti 2003

Kaka yangu Gwamaka,

Shikamoo kaka. Na mama mpelekee shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, hata kama yuko jikoni kwenye moshi. Mguu wake umepona? Barua yako haikusema, na ndiyo habari niliyoitafuta kwanza. Chai mnachuma bado? Huku Julai yote hatukuuona mlima. Wingu limeukalia, manyunyu hayakatiki, nguo zinakaa siku tatu kwenye kamba bila kukauka. Mimi ni mzima. Nakula, nakwenda kazini, naandika kwa mkono usiotetemeka kama unavyoona. Hilo la mkono nimelitaja makusudi.

Barua yako niliipokea Jumanne. Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama, kisha nikaandika kwenye shajara yangu maneno matatu: Kaka anakuja kunichukua. Siku nne nimekaa bila kujibu, kwa sababu ningejibu siku ile ile ningekukosea heshima. Leo naona naweza kukujibu na heshima ikabaki. Lakini hasira sijaimaliza, kaka, wala sitakuficha.

Unasema mmekaa kikao, wewe, baba mdogo na mchungaji. Mmesikia kwamba nimechanganyikiwa, kwamba naongea na kompyuta, na kwamba wapo wanaodhani ni ule ugonjwa ambao watu hawautaji. Unasema utafika Arusha Jumamosi ya tarehe 23, niwe nimeomba likizo na kufunga mizigo, unirudishe Tukuyu nikatulie. Kurasa mbili nzima, na hakuna alama ya kuuliza hata moja. Nimezipitia kwa kalamu nikiitafuta.

Kwa kuwa hukuuliza, nitakueleza bila kuulizwa, kwa tarehe, kama ilivyo kwenye shajara.

Tarehe 2 Novemba mwaka jana nilijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Hilo mlilijua. Mume wangu Elirehema alikupigia simu siku ya pili yake, ukamwambia, poleni shemeji, Mungu atawapa mwingine. Hapa mtaani wakasema hivyo hivyo. Wiki mbili baadaye nilirudi kazini masijala, nikakuta majalada yangu yamerundikana, nikayapanga. Nilidhani na mengine yatapangika. Hayakupangika. Usingizi ulikwisha, chakula kikawa kama majani makavu mdomoni. Nikiona mwanamke kambeba mtoto mgongoni nilivuka barabara.

Jumatatu tarehe 26 Mei nililiweka jalada la mzee aliyestaafu kwenye rafu ya waajiriwa wapya. Mkuu wangu aliponiuliza, tena kwa upole, nikaanza kulia, na nikalia mpaka wenzangu wakafunga dirisha la kupokelea barua. Wakanipeleka kliniki. Muuguzi alinipima malaria, hakuna. Akapima presha, haina neno. Akaniuliza nalala saa ngapi, nikamwambia silali. Ndipo akafunga mlango, akatoa karatasi mezani. Kuna kituo Dar es Salaam, akasema, kinatoa ushauri nasaha kwa barua pepe. Unaandika yaliyo moyoni, mtu aliyesomea kazi hiyo anakujibu. Nikamwambia mimi sina ule ugonjwa, maana huku ukisema ushauri nasaha watu wanasikia kitu kimoja tu. Akacheka kidogo. Akasema, "Dada, huu si wa damu. Huu ni wa moyo na akili. Na wewe damu yako ni safi, ni moyo umejaa."

Nikaikunja ile karatasi nikaiweka ndani ya Biblia. Ilikaa humo siku tisa.

Hapa mtaani kwetu yupo bwana mmoja wa Machame anaitwa Godlisten, zamani aliuza kanda za muziki, sasa ana kompyuta tano na mashine ya kutoa fotokopi. Wateja wake wengi, mimi nikiwemo, kompyuta tulikuwa hatuijui. Kwa hiyo anakufungulia anwani yeye, neno la siri anachagua yeye, na analiandika kwenye daftari lake kubwa la kaunta, mbele ya jina lako. Kila asubuhi anafungua anwani za wateja wote. Barua zilizoingia anaziprinti, halafu anazitundika kwenye kamba juu ya kaunta kwa vibanio vya nguo, ili ukipita uione yako usihangaike na mashine. Pale utakuta barua za watoto walioko Ulaya, za wanunuzi wa vinyago, za wachumba. Mtaa mzima tuliiona ni huduma nzuri. Na mimi niliiona hivyo, mimi ninayefanya kazi masijala, ninayejua kwa nini masijala ya siri ina mlango wake na ufunguo wake! Hilo najilaumu.

Na lingine la kujilaumu ni hili. Ile karatasi ilisema andika kwa jina lolote, si lazima lako. Hapo nilikataa, na wewe utanielewa kwa sababu tulifundishwa na mwalimu mmoja. Barua isiyo na jina ni ya mchongezi. Ofisini zinafika kila mwezi, "Mimi Raia Mwema", zinamchafua mtu halafu mwandishi anajificha. Sikutaka kuanza na mtu kwa namna hiyo. Basi Jumatano tarehe 4 Juni nilikaa kwenye kompyuta ya Godlisten, nikaandika juu kulia jina langu kamili, cheo, idara, mtaa, mpaka jina la balozi wa nyumba kumi. Nikaweka kumbukumbu namba. Nikaandika YAH: KUKOSA USINGIZI NA KULIA OVYO, nikapiga mstari chini yake. Nikaanza, "Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu."

Cheka, kaka. Mshauri naye alicheka, nadhani. Ni mwanamke, na jina lake nalihifadhi. Jibu lake lilikuja Jumanne tarehe 10: "Dada Tusajigwe, asante. Hii ni barua nadhifu kuliko zote nilizowahi kupokea. Umeandika 'tukio la Novemba' mara nne. Sasa niandikie nyingine isiyo na YAH, uniambie tukio hilo ni nini."

Barua ya pili iliandikika kwa tabu. Niliiandika kwanza kwa mkono nyumbani, jioni tatu, nikaichapa Alhamisi tarehe 19. Safari hii sikuweka YAH. Jina langu na anwani yangu niliviacha palepale juu, kwa mazoea. Nilieleza kila kitu. Nilipomaliza nilisikia njaa, kaka. Nilinunua mahindi mawili ya kuchoma nikayala yote njiani, mtu mzima na kazi yake.

Sasa sikiliza yaliyofuata.

Mama Lusajo unamfahamu, mama yetu wa nyumbani anayeuza mchele wa Kyela hapa sokoni. Yeye ndiye katibu wa jumuiya yetu ya kanisa. Jumamosi tarehe 28 Juni alikwenda kwa Godlisten kutoa fotokopi ya zamu za kuandaa chai. Akaona karatasi kwenye kamba, chini kabisa barua yangu mwenyewe imerudi pamoja na jibu, na jina langu la nyumbani, refu, lile ambalo Arusha nzima hakuna mwingine analo. Akamwambia Godlisten, huyu ni binti yangu, nampelekea. Godlisten akatoa kibanio akampa.

Haikunifikia siku hiyo. Haikunifikia Jumapili. Jumatano tarehe 2 Julai jumuiya ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, nikaenda. Ulipofika wakati wa maombi Mama Lusajo akasimama, akafumba macho, akasema tumwombee mwenzetu mmoja. Jina lake, akasema, sitalitaja. "Anafanya kazi masijala, anatoka Tukuyu, alipoteza mimba mwaka jana na sasa shetani anamnyima usingizi, mpaka anaomba msaada kwa watu asiowajua."

Nilifumbua macho. Kila mtu pale alikuwa amefumbua jicho moja, ananitazama. Wakaja wakaniwekea mikono kichwani, mikono kama kumi, mizito. Nikasema amina. Ungesema nini wewe?

Maombi yalipokwisha akanivuta pembeni, akanipa ile karatasi, imekunjwa mara nne na ina harufu ya magunia. Na huyu mama simchukii, kaka, nataka ujue. Alikuwa na machozi ya kweli. Alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, kwa nini uandikie kompyuta na sisi tupo?"

Nikamwambia, "Novemba mlikuwa wapi, mama?"

Akauachia mkono wangu. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayemkumbusha mtoto jambo ambalo kila mtu analijua, "Lakini ile haikuwa msiba, mwanangu."

Hayo ndiyo maneno yaliyonikaa kooni tangu siku ile. Akifa mzee mtaani kwetu, kesho yake mkeka uko nje, turubai limefungwa, Mama Lusajo mwenyewe anapakua mchele, wanaume wanacheza bao mpaka asubuhi ili wafiwa wasibaki peke yao. Mimi nilitoka hospitali nikakuta nyumba imefagiliwa na kile kitanda kidogo alichokitengeneza Elirehema kimeondolewa. Hakuna mkeka wala pole ya kukaa chini. Walikuja wakasimama mlangoni, wakasema usilie sana, utazuia mwingine.

Kesho yake baada ya jumuiya nilikwenda kwa Godlisten. Alikuwa anapanga vibanio. Nikamuuliza kama amesoma barua yangu.

"Juu juu tu, dada. Kujua ni ya nani."

"Jina langu liko mstari wa kwanza. Ungeishia hapo."

"Mimi nilikuwa nakusaidia," akasema. Kisha naye akakasirika, akasema, "Sasa dada na wewe, uliandika mpaka balozi. Ulibakiza nini, namba ya kiatu?"

Wateja wakacheka. Mimi sikucheka, lakini kweli aliisema, na kweli hiyo nimeichukua. Nikamwambia afungue lile daftari. Nilichukua rula na kalamu nyekundu, nikaukata mstari wenye jina langu na neno la siri, nikatia sahihi na tarehe pembeni kama tunavyofanya ofisini tukifuta ingizo. Nikamwambia, sasa nifundishe kubadili mwenyewe. Akanifundisha, lazima niseme haki yake. Ilimchukua saa nzima kwa kuwa mimi ni mzito wa kuelewa mambo ya mashine, na hakunidai. Wiki iliyofuata nikakuta barua zote zimo kwenye bahasha zilizogundishwa, na kile kiti cha pembeni amekizungushia ukuta wa maboksi. Neno la siri ninalotumia sasa hata Elirehema halijui. Usiniulize nawe.

Mama Lusajo katikati ya Julai akaja huko kununua mchele, akapita kwenu. Yaliyobaki unayajua kuliko mimi.

Elirehema alipoisoma barua yako aliikunja akasema, "Kaka yako anadhani nimekuharibu." Siku zote amekuwa hasemi kitu, huyu mwanaume, anakwenda karakana anarudi. Jioni ile akaongeza kwamba kile kitanda yeye ndiye aliyewapa, kwa mkono wake, wale waliokuja kukiondoa, na tangu siku hiyo hajatengeneza kitanda cha mtoto kwa mteja yeyote. Anawaambia hana mbao. Miezi tisa tumelala kitanda kimoja na sikulijua hilo.

Sasa nakueleza yaliyokuwa kwenye ile karatasi yenye harufu ya magunia, kwa sababu hicho ndicho mnachoita kuongea na kompyuta. Yalikuwa maswali mawili tu. Mtoto amezikwa wapi? Na ulimwita nani? Hayo yalisomwa sokoni kabla sijayasoma mimi. Na bado, kaka, huyo mshauri ndiye mtu wa kwanza kuniuliza. Ni mtu nisiyemjua sura. Wewe umenibeba mgongoni mpaka shule ya msingi na hukuuliza.

Sikuwa na jibu la swali la kwanza. Wakati ule nilikuwa bado hospitali, mama mkwe alikuja na wanawake wawili wa ukoo wao wakamchukua, wakampandisha Akeri mlimani, na nilivyoambiwa ni kwamba mambo hayo ni ya akina mama wakubwa, mzazi haonyeshwi. Basi Jumamosi iliyopita, tarehe 2, nilipanda Akeri peke yangu, nimejaa hasira. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote njiani. Nilimkuta mama mkwe anaanika kahawa. Nikamwamkia, nikakataa kiti, nikasema, "Mama, nimekuja kuuliza mwanangu yuko wapi."

Akaacha kahawa. Akafuta mikono kwenye kanga. Akatangulia migombani, nikamfuata. Mahali penyewe ni nyuma kabisa, karibu na mfereji. Pamefyekwa. Amepanda masale manne, unajua masale, yale majani marefu ambayo watu wa huku hupanda penye makaburi yao, na yamekwisha kuwa na kimo cha goti, maana yake aliyapanda siku ile ile. Alikuwa anayamwagilia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Nilidhani hutaki kujua. Ulikuwa huulizi."

Kaka, nilikaa chini pale kwenye matope na gauni la kanisani. Naye akakaa. Tulikaa mpaka manyunyu yakatulowesha wote wawili, na yeye akalia kwa Kimeru na mimi kwa lugha yetu. Usiku ule nililala saa sita bila kuamka. Imo kwenye shajara.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba sitafunga mizigo. Sijachanganyikiwa, na kama nilianza kuchanganyikiwa basi sasa ndipo ninaporudi, tena kwa njia hiyo hiyo mnayotaka kunitoa. Nimeshaandika barua ya nne. Naandika siku za Alhamisi nikitoka kazini, nyuma ya maboksi ya Godlisten, kwa vidole viwili. Tukuyu nina mama na nina wewe, lakini Tukuyu mtaniambia nitulie. Nimetulia miezi saba, kaka. Kutulia ndiko kulikokuwa kunaniua.

Hasira yangu hasa ni moja. Mtoto wangu alipokufa hakuna hata mmoja wenu aliyepanda basi. Nilipoandika barua mbili, ukoo umekaa kikao na wewe umekata tiketi ya siku mbili njiani.

Sehemu yote niliyoandika hadi hapa ni yako peke yako. Usimpe baba mdogo, wala mchungaji. Kuanzia mstari unaofuata msomee mama, polepole, kwa Kinyakyusa, akiwa amekaa.

Mama, mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa na nywele nyingi na vidole virefu kama vya baba. Walinipa nimshike kidogo, akiwa bado na joto langu. Kwa desturi ya huku mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la upande wa mume, lakini waliniambia wa namna hii hapewi jina. Basi nikasema, kama wao hawamhitaji kwa jina, nitampa la kwetu. Nilimwita Ambakisye, jina la baba. Nilimwita hivyo kimoyomoyo tangu Novemba, na Jumamosi iliyopita nililitamka kwa sauti pale migombani, mama mkwe akaitikia.

Kaka, ile tiketi usiirudishe. Njoo tarehe 23 kama ulivyosema. Lakini usije na begi la kubebea nguo zangu. Njoo kama unavyokwenda mahali palipofiwa. Leta mchele wa kutosha sufuria kubwa, na mama kama mguu unaruhusu aje. Nitatandika mkeka nje, Elirehema amekubali kutafuta turubai. Nitamwalika Mama Lusajo apakue, ndiyo, yeye mwenyewe. Siku ya pili yake tutapanda Akeri. Na ukifika mlangoni usiniulize kama nalala wala kama nakula. Nipe pole kwanza.

Msalimie wifi, mkeo, na umwambie kanga aliyonitumia Krismasi ndiyo nitakayojifunga siku hiyo. Msalimie shangazi wa Kyela. Baba mdogo naye mpe salamu zake, mwambie kikao nimekisikia. Shemeji yako Elirehema anasema shikamoo, na mama mkwe anawauliza mnakula ndizi za namna gani huko ili aziandae.

Ni mimi mdogo wako Tusajigwe, na kwa mara ya kwanza naandika jina ambalo bado hakuna aliyeniita,

Mama Ambakisye